Mwewe Chumbani Kwako

2 Juni

Mwanangu mpendwa,

Hujambo? Hao wagonjwa wako wodini wanakuachia hata nafasi ya kula? Mimi niko salama, ila masikio ndiyo yale yale. Simu ikilia naona taa tu, kwa hiyo tuendelee kuandikiana.

Nina mgeni chumbani kwako. Jumatatu nilimkuta mwewe chini ya nguzo ya umeme nyuma ya nyumba, bawa limening'inia. Miaka thelathini ya ufundi umeme nimepanda nguzo hizo nikiwaokota wakiwa wamekufa. Huyu alikuwa bado ananitolea macho. Daktari wa mifugo amelifunga bawa, akasema akae wiki tatu mahali penye giza na utulivu, halafu aachiwe. Namkatia vipande vya nyama. Jirani mwenye kuku ameshakuja mlangoni: "Mzee, umepagawa? Unamlea mwizi wa vifaranga vyangu?"

Baba yako

6 Juni

Shikamoo baba,

Mimi mzima, uchovu wa zamu tu. Barua yako imenitia hofu. Una sukari, baba. Kidonda kidogo kwako si kidogo, nawaona wenzako hapa kila siku. Vaa zile glavu zako za ngozi za kazini, usimguse bila hizo. Na kama daktari ana mtu mwingine wa kumlea, mpe. Nijibu upesi.

Binti yako

11 Juni

Mwanangu,

Salamu nyingi. Mimi mzima. Mwewe anakula vizuri. Usiwe na wasiwasi, nitaandika zaidi.

Baba

14 Juni

Shikamoo baba,

Umeniandikia mistari miwili, na herufi zimelala kama za mtoto wa darasa la kwanza. Umetumia mkono wa kushoto. Wa kulia una nini? Umevimba? Una homa? Usinifiche, vidonda ndiyo kazi yangu. Nenda hospitali sasa hivi, barua utaimalizia huko.

Nimeomba ruhusa nije, msimamizi amekataa, tumebaki wauguzi wawili tu. Namba ya jirani niliyo nayo haipatikani. Kila mgonjwa akiletwa namwangalia kwanza usoni. Baba, mama tulishamzika. Usinifanyie hivi.

Binti yako

27 Juni

Mwanangu mpendwa,

Marahaba. Usishtuke, mwandiko bado ni wa kushoto, ila leo nakueleza yote.

Tarehe tisa bandeji ya mwewe ililegea. Kwa glavu sikuweza kulipata fundo, nikavua ya kulia. Akanishika kidole cha shahada, ukucha ukazama mpaka kwenye mfupa. Nikaosha, nikafunga kitambaa. Nilikudanganya kwa kuona haya, maana ulikuwa umenionya.

Barua yako ya mwisho ilipofika nilikuwa sakafuni jikoni, nimelowa jasho, siwezi kuinuka. Jirani aliiona imechomekwa mlangoni toka asubuhi hadi mchana, akausukuma mlango. Akasimamisha gari la maziwa, akanipakia katikati ya madebe. Kidole wamekikata. Mkono wameuokoa.

Alipokuja kuniona wodini nikamwambia, "Yule ndege muue tu, una haki yako."

Akanikodolea macho. "Nimuue wa nini, nami nimemlisha siku tatu? Ananuka, ana maringo, lakini anakula."

Jana daktari wa mifugo alikuja kufungua bawa. Jirani aliwafungia kuku wake, akabeba boksi mwenyewe mpaka uani, kwa kuwa mimi sikuweza kulishika. Mwewe akatoka, akaruka kidogo, akaanguka kifudifudi. Nikasema basi, kidole changu kimekwenda bure. Akabaki pale kifua kinampanda na kushuka. Kisha akajitupa tena, akaupita ukuta kwa shida, akazidi kupanda, akavuka juu ya nyaya, akaenda zake.

Nilidhani nitashangilia. Nilikaa kwenye ngazi nikalia, mwanangu, na sijui nilikuwa namlilia nani. Jirani akakaa pembeni yangu.

Nimerudi ndani, nyumba imekuwa kubwa mno. Wakikupa hata siku mbili, njoo. Nakuomba.

Baba yako