Bwawa Nililolibariki

Ha Ntlaloe,
Lesotho.
Tarehe 9 Juni 2008

Mpendwa mpwa wangu Motlatsi,

Salamu nyingi zikufikie huko Bloemfontein. Natumaini u mzima, na kwamba kile kikohozi cha vumbi ulichoondoka nacho kimekwisha. Mkeo Puseletso hajambo? Na mtoto, ameanza kusimama? Sisi tunapumua. Baridi imewahi mwaka huu na goti langu linalia kila asubuhi, lakini blanketi ulilonipa ni zito, linanisitiri. Hata sasa nimejifunika hilo.

Mama yako anakusalimu. Kuku wake wanataga vizuri, na anauliza kama huko mjini unakula mboga au unaishi kwa mkate mtupu. Haya yafuatayo hajui kwamba nakuandikia. Ni heri ayasikie kwako.

Chemchemi yetu imeharibika. Haijakauka, inatoka kama zamani, ila inanuka choo. Harufu ilianza baada ya mvua za Januari. Lineo, mjukuu wa bibi 'Mamosala, aliharisha hadi akapelekwa zahanati juu ya farasi. Amerudi hai, Mungu ni mwema, ila miguu imebaki vijiti. Muuguzi aliyapeleka maji yakapimwe, jibu likarudi kwamba yamechanganyika na majitaka.

Basi nikapanda hadi kwenye lile bwawa ulilotujengea, ambamo magari ya kunyonya vyoo vya mjini humwaga uchafu wao. Lilikuwa limeshuka mno, ingawa magari huja kila siku. Pembeni palipokauka nikachimba kwa fimbo yangu, nikitafuta lile turubai zito jeusi ulilotuahidi barazani, lisilopitisha hata tone. Nikakuta udongo, na chini ya udongo changarawe.

Nikamwendea Tlali, aliyekuwa msimamizi wa vibarua wako. Hakuzunguka.

"Mzee, turubai halikufika. Mimi nilimwambia mpwa wako tusubiri. Akaniambia, wakubwa wanakuja Ijumaa kufungua, wewe jaza maji tu, huko chini nani atapaona?"

Maneno hayo nimelala nayo, nimeamka nayo. Motlatsi, wenyeji waliotupokea hapa walitaka bwawa lichimbwe ng'ambo ya kijito, chini ya kijiji. Ni wewe uliyetaka huku juu, kwa kuwa ni karibu na barabara. Nao walikubali kwa sababu nilisimama mimi. Nilisema, "Huyu ni mtoto wa dada yangu. Akisema yeye, nimesema mimi." Wewe ulikuwa umekaa nyuma yangu, unasikia.

Na siku ile ya ufunguzi? Ulinikabidhi kibuyu cha pombe ya mtama kwa mikono miwili. Nikaimwaga chini, nikawaita wazee wetu kwa majina, wale ambao tuliifukua mifupa yao na kuihamisha siku bonde letu lilipozamishwa na lile lambo kubwa la serikali. Nikawaambia watulie, safari hii maji hayatatudhuru. Ulijua kilichokosekana chini ya maji yale, ukaniacha niwadanganye wafu. Walio hai naweza kuwaomba radhi. Hao wengine nianzie wapi?

Hapa sisi bado ni wageni, ingawa mvi zimetuotea hapa hapa. Wenyeji walipotupokea hawakuwa na mashamba ya kutugawia. Walitupa nafasi kwenye chemchemi, na kwangu hiyo ndiyo iliyokuwa kukaribishwa. Sasa kimebaki kijichemchemi kidogo kule miambani, nasi watu wa bondeni tunangoja mpaka wenyeji wote wachote. Juzi 'Mamosala aliniona na ndoo yangu.

"Karibu, Ntate Ramohapi, baba yetu! Umekuja kuchota, au umekuja kutubarikia na hiki kijichemchemi?"

Wanawake wakaangua kicheko. Nikacheka nao. Kisha nikashindwa kuinua ndoo.

Jumamosi ya mwisho wa mwezi huu chifu ameita baraza. Wapo wanaosema sisi wa bondeni tufungashe. Twende wapi? Kwetu wanaishi samaki.

Sitaki fedha zako, wala blanketi jingine. Nataka uje, usimame mbele yao, useme kwa kinywa chako kwamba turubai halikuwapo na ulijua. Hapo watajua kwamba kosa ni la mtu mmoja, si la ukoo mzima uliopokelewa hapa. Jinsi ya kulifunga bwawa hilo na kulipeleka ng'ambo ya kijito, njia zake unazijua wewe.

Wataniuliza kama wewe ni wangu. Sitakukana. Nitasema, "Ni wetu." Ila nikishasema hivyo nitakaa chini. Safari hii sitakusemea.

Msalimie Puseletso, na umshike mtoto mkono kwa niaba yangu. Dada yako Nthati anakusalimu, na mzee Khoarai pia, ambaye kila akiniona bado anauliza yule fundi wetu atakuja lini. Mungu akujalie amani, akujalie mvua, akujalie na moyo wa kupanda basi.

Nikupendaye hata leo,
Mjomba wako,
Ramohapi