Ati Kanda Haijatoka Kabatini

Maskati,
Jumatano, baada ya alasiri.

Kaka Bakari,

Shikamoo. Nakuamkia kwa sababu mama alitufunza kwamba mkubwa ni mkubwa hata akikosea, nami sitaki kumvunja mama kwa kosa lako. Natumai wifi na watoto hawajambo, na goti lako limepata nafuu. Mimi mwili wangu ni mzima, alhamdulillahi. Joto la huku limetushika barabara, na msimu huu wa arusi kazi ya saluni haina kupumua. Nikirudi chumbani mikono yanuka hina hata nikila wali naionja. Lakini roho haijatulia, na aliyeivuruga unamjua.

Nimeshika kalamu maana simu unaikata. Barua hii anakuletea Zuhura, mwenzangu wa kazi, anayerudi kwao Ukunda kwa likizo. Nimemwambia asiiache dukani kwako kwa vijana. Akupe mkononi, na asimame hapo mpaka uifungue. Sasa nisikilize tangu mwanzo, maana hujanipa nafasi ya kumaliza hata siku moja.

Siku ile ilikuwa Ijumaa, saluni imejaa. Nilikuwa nampaka hina bi arusi mmoja wa hapa, ambaye bibi yake alizaliwa Unguja, kwa hivyo Kiswahili anakisikia kidogo. Rafiki yake akatoa simu akasema, "Tazameni wanavyocheza Kenya." Ilikuwa ni hoteli ya Diani, watu na nguo za kuogelea kando ya bwawa, mdundo mzito kama wa kupondea mawe. Kwanza ikatoka sauti ya mwanamume inapiga kelele, "Baka Studio, Ukunda!" Nikacheka peke yangu, nikasema moyoni, kumbe kaka na duka lake la muziki wamefika mbali.

Halafu akaingia mama.

"Mwanamisi ee! Mwanamisi, nisikiza!"

Kaka, niliitika. Wallahi niliitika. "Labeka, mama," nikasema kwa sauti, koni ya hina mkononi, watu wote wananitazama. Mama ana miaka mitatu kaburini, akaniita jina, nikamjibu kabla akili haijanirudia.

Bi arusi akaniuliza, "Nani amekuita?"

Wimbo ulikuwa unaendelea. Unazijua nyimbo zile? Hapana, huzijui, wala hukutakiwa kuzijua. Ni nyimbo za ndani. Mama na wenzake waliniimbia usiku wa kuamkia arusi yangu, mlango umefungwa, madirisha yamefungwa, hata wewe uliyetuazima redio kaseti yako ya kurekodia kanda ulifukuzwa mpaka barazani kwa jirani. Mle ndani mwari huambiwa mambo ya mume na mke ambayo mama hawezi kumwambia mwanawe mchana kweupe, ndiyo maana huyaimba. Na sasa yanaimbwa bwawani, jina langu limetangulizwa, na mtalii mwenye kaptura anatikisa kiuno juu yake.

Wasichana walicheka mpaka wakatoa machozi kwa yale machache waliyoyaelewa. Mmoja akasema, "Huyu bibi mkali! Hebu tutafsirie, anasema nini?"

Nikasema, "Sijui. Hicho ni Kiswahili cha mbali."

Nilimkana mama yangu mbele ya watu, kaka. Ua nililokuwa nachora lilipinda, ikabidi nilifute nianze upya.

Jioni ile nikakupigia. Nilifikiri labda umeibiwa, nikawa tayari kukupa pole. Wewe ukanijibu nini? Ngoja nikukumbushe maneno yako, maana nimeyahifadhi kama Alhamdu.

"Kanda iko kabatini, Mwanamisi. Imefungwa kwa ufunguo, na ufunguo ninao mimi. Haijatoka nje ya mlango, kama nilivyomwahidi mama."

Nikakuuliza, "Na hiyo inayochezwa Diani ni nini?"

Ukasema, "Hiyo si kanda. Hiyo ni faili."

Nikadhani sikusikia vizuri. Ukarudia kwa sauti ya mwalimu: kanda ni kitu, faili si kitu, mama alisema kanda isitoke mlangoni, hakusema lolote juu ya faili. Halafu ukakata.

Kaka, tangu nizaliwe sijaona mtu amejificha nyuma ya neno dogo namna hiyo. Nyumbani kwetu maneno hayo lini yalimpoteza mtu? Babu mpaka anakufa alikuwa akisema "geuza santuri", na kilichokuwa kwenye redio ni kanda. Baba uliponunua sidii ya kwanza alikuambia, "Hebu nitilie ile kanda yako inayong'aa." Mama mwenyewe alipoletewa nyimbo kwenye flashi aliuliza kama ile nayo hugeuzwa upande wa pili, tukacheka, lakini tulimwelewa. Hakuna aliyemwambia babu kwamba hakuna santuri humu ndani. Vitu vilikuwa vikibadilika majina, lakini aliyekuwa akiimba ni mtu, na mtu habadiliki kwa kuhamishwa chombo. Mama alisema kanda kwa sababu ndilo neno alilokuwa nalo. Alikuwa amelala kitandani hospitalini Msambweni, pumzi zinamkatika, ulitaka atafute neno gani?

Sikulaumu kwa kuihamisha. Kanda hushika ukungu, utepe hukwama, na mimi mwenyewe ningekusihi uihamishe kabla haijaharibika. Ungeihamisha, ukampa wifi aihifadhi mpaka siku ya Halima. Si ndivyo mama alivyosema? Apewe Halima mwanao siku atakapoolewa, asikize sauti ya bibi yake. Wewe ukampa mpiga muziki wa hotelini kwa sababu alikusifu, ati una sauti za kale zisizopatikana, na jina la duka lako ukalipandisha juu ya kichwa cha mama.

Nilipoona hushiki simu, nikampigia Bi Mwanajuma, somo yangu, aliyenifunda mimi na ambaye sauti yake ndiyo inayompokea mama kwenye kiitikio. Nilimweleza kwa haya. Nilipofika kwenye maneno yako ya kanda na faili akanikatiza.

"Kwani usiku ule iliimba kanda? Si tuliimba sisi?"

Asubuhi yake akawakusanya wenziwe waliobaki, wakapanda tuktuk wakaenda Diani, na mabuibui yao, mpaka mlango wa hoteli. Askari wa geti akawazuia. Bi Mwanajuma akamwambia, "Sisi ndio tunaoimba humo ndani. Tumesikia tunaimba, tumekuja kujisikiliza." Yule askari ni Mdigo wa kwetu, akawaamkia akawapisha.

Mpiga muziki, kijana wa bara, akawapokea kwa adabu yake. "Mathe, tulieni, hiyo ni sampo tu. Nimekata kakipande kadogo."

Bi Mwanajuma akamjibu, "Sampuli ni ya mchele sokoni. Mimi ni sampuli ya nini, mwanangu?"

Kijana akazima muziki. Akasema hakujua, akasema atawaonyesha anavyoifuta, na akaifuta kwenye kompyuta yake mbele yao, ingawa aliwaambia ukweli kwamba mtandaoni watu wameshaichukua, haina wa kuirudisha. Halafu akasema neno ambalo Bi Mwanajuma alinipigia makusudi kunieleza.

"Si Baka aliniambia hiyo ni odio ya zamani, wamama wote walioimba walishakufa?"

Kaka Bakari! Bi Mwanajuma aliyekukanda mgongo ulipoumwa surua! Bi Mwanajuma ambaye nyumba yake na yako zinatenganishwa na ua wa makuti, unamtolea salamu kila ukipita kwenda msikitini! Ulimuua ili upate kumchukua sauti, kisha ukamsalimia.

Akamwambia yule kijana, "Basi unazungumza na maiti," wakaondoka.

Hapo ndipo lilipo tatizo lako, na nadhani ndiyo sababu umeanza kuzima simu kabisa. Halima ameniambia. Alinipigia juzi analia, arusi yake imebakiza chini ya mwezi, na alikwenda na mama yake kwa Bi Mwanajuma, na halua na udi, kumwomba aje amwimbie kama desturi. Bi Mwanajuma alimkalisha, akamnywesha kahawa, akamshika mkono. Akamwambia, "Mjukuu wangu, babako amesema tumekufa. Maiti haimbi arusini." Na wenziwe wote wamesema vivyo hivyo, kutoka Msambweni mpaka Jego.

Na wewe, Halima anasema, umemwambia asijali, utaweka spika kubwa chumbani, utamchezea ile faili. Utamfunda mwanao kwa spika! Nani atamfuta machozi, spika? Nani atanyamaza akimwona amechoka, akaanza wimbo mwingine mwepesi? Mama alipokuwa akiniimbia alinitazama usoni. Aliona nilipoogopa akarudi nyuma, akalirudia lile neno taratibu. Hilo halikuingia kwenye kanda, wala faili, wala hicho kitakachokuja kesho kikapewa jina lake.

Basi fanya hivi. Vaa kanzu, uende kwa miguu, simu uiache nyumbani. Uende kwa Bi Mwanajuma wakati wenziwe wapo, ukae chini kwenye mkeka, wala usikubali kiti. Usitaje kanda. Usitaje faili, wala odio, wala sampo. Sema: "Nimetoa sauti zenu bila idhini yenu, na nimesema mmekufa hali mko hai. Nisameheni." Maneno hayo hayajawahi kubadilika tangu zama za santuri, na babu angeyaelewa. Wakikufukuza, urudi tena kesho yake.

Nisalimie wifi, umwambie namsikitikia. Msalimie ami yetu mvuvi wa Jego na mkewe, na ndugu yetu mdogo aliye Lunga Lunga kwenye malori, mwambie kimya chake nimekichoka. Bi Mwanajuma mbusu mkono kwa niaba yangu, ukishaweza kumtazama.

Halima mwambie nguo yake ya arusi nimeshainunua, rangi ya kunde kama alivyotaka, Zuhura anayo. Likizo yangu haijafika, sitawahi. Na kama Mungu atajaalia wazee wale wakamwimbia, mtu asinitumie kitu chochote kwenye simu. Mlango ufungwe. Nitakapokuja, Halima mwenyewe atakaa nami ukumbini anisimulie kwa mdomo wake, na pale atakapoona haya ataparuka, nami sitamuuliza.

Mdogo wako,
Mwanamisi