Chai ya Mdalasini ya Bi Chausiku wa Yombo

Mwaka umetimia, Mama, tangu uvue raba zako na kuziacha mlangoni. Hatujaziondoa. Kila baada ya swala ya alfajiri tunasikia kama vile zinasuguliwa kwenye mkeka, nasi tunataka kuitika, "Tunakuja!"

Nani angedhani mtaa mzima ungekufuata? Daktari alipokwambia una kisukari, hukukaa chini kulia. Ulifunga kanga juu ya suruali ya Baba, ukavaa raba, ukatoka kutembea. Wakakucheka. Wiki ya tatu akina mama kumi na wawili walikuwa nyuma yako, wengine na ndala, nawe mbele ukiwakemea: "Nyie, tembeeni! Mnakwenda kama mnasindikiza bibi harusi!"

Ukatufundisha kupanda matembele kwenye viroba, kupunguza chumvi, kuacha kukaanga kila kitu. Baba aliwanunia samaki wa kuchemsha mpaka presha yake ilipotulia, ndipo akadai wazo lilikuwa lake.

Lakini wewe mwenyewe, Mama, kitu kimoja kilikushinda. Ulishindwa kukataa chai. Baada ya matembezi ulipita nyumba kwa nyumba kuwahimiza watu wakapime, na kila nyumba ilikupokea kwa kikombe kilichokwisha kutiwa sukari, vijiko vitatu, ndiyo heshima ya mgeni. Ukanywa, usimvunje mtu moyo. Ikifika saa nne umemaliza vikombe vitano. Na sisi nyumbani tulikuwa tunajisifu kwamba sukari umeiacha kabisa!

Kidonda cha mguu kilipogoma kupona ndipo ulipotuambia, huku ukicheka kwa aibu. Tulikuwa tumechelewa.

Jirani yetu Tekla, Mama Benson, ndiye aliyekuwa akikupa kikombe cha mwisho kila asubuhi. Msibani alisema, "Mie ndiye niliyemuua," akarudi kwake, na hakuvuka tena kizingiti chetu. Mwaka mzima, Mama. Imetuuma sana, maana hata sisi wageni wetu tuliwatilia vilevile.

Juzi binti yako Naima aliota umekaa uani kwa Mama Benson, miguu yote mizima, unapuliza kikombe. Ilipokucha akamfuata.

"Shikamoo, Mama Benson. Jumamosi ni khitma ya Mama. Tunataka wewe upike chai."

"Marahaba, mwanangu. Mie tena?"

"Wewe. Mdalasini tu, sukari tutaiweka kando."

Alilia sana. Kisha akafuta macho, akauliza tunatarajia watu wangapi.

Siku hizi mtaani mgeni anaulizwa kwanza, "Nikutilie?" Kila tukisikia swali hilo tunageuka, kana kwamba umeingia.

Karibuni nyote Jumamosi, baada ya adhuhuri, nyumbani Yombo. Wanaokukumbuka ni mumeo Twalib, wanao Naima na Faraji, mjukuu wako Raudha, na ndugu yako Tekla.

U mioyoni mwetu siku zote, Mama.