Tarehe Moja, Mwezi wa Kwanza

Nyalukemba, Bukavu

Tonton Mardochée,

Huku tuko wazima. Mutoto wangu Aganze ameota meno mawili, na mvua imeangusha ukuta wa jirani. Barua hii analeta Maman Élodie mukononi, kwa sababu telefone siiamini tena.

Ile orodha ya chakula muliyoandikwa pale Luberizi iko kwangu hapa biro. Ni fishie moja, faili ya ordinateri, ya watu laki nane wa jimbo zima, na siku nne nzima nilikuwa ninaiingiza ndani ya baze, pale ordinateri inatunza majina yote. Mwisho iliingia, lakini ikakataa watu elfu kumi na moja wasio na tarehe ya kuzaliwa. Wewe na tantine mulikuwa kati yao, pamoja na karibu wazee wote wa kijiji.

Nilimwambia shefu.

"Hao uwafute," akasema.

"Shefu, ni watu wa kweli. Tarehe tu ndiyo hawaijui."

"Ghislaine, uwafute."

Sikuwafuta. Niliwaandikia wote tarehe moja mwezi wa kwanza, mwaka 1960, wakaingia. Sasa shefu amegundua. Hakunifukuza. Amenilazimisha kutia sahihi kwamba orodha yote ni ya kweli, na amenikataza kutoka Bukavu mpaka wakaguzi wapite kwenu kuuliza watu.

Kwa hiyo, tonton, wakikuuliza ulizaliwa lini, sema tarehe hiyo, na uwafundishe wazee wengine. Ninajua kijiji kizima hakiwezi kuzaliwa siku moja. Museme hivyo tu, maana sahihi yangu wanayo.

Mutoto wa dada yako,
Ghislaine