Picha Iliyozunguka Taya Langu

Nairobi, Jumapili

Kaka yangu Ouma,

Mulembe sana. Mko aje hapo Busia? Kifua cha Mama kimetulia? Baba bado anagombana na jirani juu ya mpaka wa shamba la muhogo? Mimi napumua, nakula, lakini kusema niko mzima siwezi, na ndiyo sababu naandika. Hii barua isome peke yako kwanza.

Unajua nafanya kazi kwa daktari wa meno, Mhindi mmoja, naosha filamu za eksirei kwenye chumba cha giza. Juzi juzi alileta mashine mpya. Kaka, hiyo mashine! Zamani tulikuwa tunaingiza kipande cha filamu mdomoni, unaona meno mawili matatu, basi. Hii inapiga taya lote, sikio hadi sikio, picha moja! Unakaa kitini, kidevu juu ya kibao. Kile kichwa cha kutoa miale kinazunguka nyuma yako, filamu inazunguka mbele ya uso, na huku inazunguka yenyewe inateleza pia. Nilimsumbua Daktari siku tatu: mbona mfupa wa shingo hauzibi meno? Akanieleza mpaka nikashika. Unakumbuka siku naondoka, ulivyokimbia stesheni ya Tororo sambamba na gari moshi, unanipa ndizi dirishani? Uso wako niliuona wazi, kwa sababu mwendo wako na wangu ulikuwa mmoja. Watu wengine wote walikuwa ukungu tu. Ndivyo inavyofanya. Filamu inakwenda sawa na mstari wa meno, kwa hivyo meno yanatoka safi. Shingo inapita kwa mwendo mwingine, inafutika.

Daktari akataka mtu wa kujaribia. Nani mwingine? Nikarukia kiti. Mutheu, nesi wetu, akaniwekea pamba iliyoviringishwa mdomoni.

"Uma na meno ya mbele."

"Niume na nini?"

Akachungulia. "Wewe Wandera! Ya chini umemwachia nani?"

"Nyumbani tunang'olewa sita. Ndiyo uanaume wa kwetu."

"Na mahindi ya kuchoma, wanaume wa kwenu wananusa tu?"

Daktari alicheka mpaka akavua miwani. Nikabana pamba na ufizi, taya likatoka kwenye mstari, kwenye picha mbele pote pakawa ukungu. Akasema tupige tena. Mutheu akaongeza pamba.

Ya pili niliiosha mwenyewe. Mbele palikuwa safi kabisa. Lakini nyuma, upande wa kulia, palikuwa na weusi, mashimo mashimo kama povu la sabuni. Nikajua nimekosea dawa ya kuoshea. Nikampelekea kichwa chini.

"Samahani Daktari, nimeharibu filamu."

Akaishika kwenye mwanga. Halafu akaja akanibonyeza shavu.

"Hapa pamevimba tangu lini?"

"Nilidhani nimenenepa."

"Hujaharibu kitu, Wandera," akasema. Mutheu hakucheka tena.

Kaka, ni uvimbe. Unakula mfupa. Hauumi hata kidogo, ndiyo maana sikujua. Hospitali kubwa wanasema lazima wakate nusu ya taya, la sivyo utapanda mpaka jichoni. Kitanda nimepewa, Jumatano ya tatu kuanzia wiki hii, na nikikosa anapewa mwingine. Kwa sheria yao mimi bado sijafika umri wa kujiamulia, lazima mtu mzima wa nyumbani aweke sahihi. Baba atasema nirudi nikachanjwe kwa mganga, nifungwe majani. Mwambie nimeona kwa macho yangu haya, mahali pa mfupa hamna mfupa. Akikataa, usibishane naye, njoo wewe. Sahihi ya kaka inatosha, nimeuliza mara mbili.

Naogopa. Kila asubuhi nashika shavu kabla sijafungua macho.

Mama msalimie, lakini mwambie ni jino tu. Shemeji mwambie njugu zake zilifika, nilizila kwa upande wa kushoto. Na shangazi aliyeolewa Iyolwa, mwambie aniombee bila kuuliza sana.

Usije Jumatano, Kaka. Njoo Jumatatu ya wiki hiyo. Daktari anasema baada ya kukatwa nitaongea, lakini polepole, na maneno mengine hayatatoka sawa. Wewe unanijua nilivyo. Nataka siku mbili tukae tu, niongee Kisamia chetu mpaka uniambie nyamaza.

Mdogo wako,
Wandera