Ubao Mdogo wa Bunduki ya Papa Isidore

Mama Olga, kila Jumamosi nacheka matatizo ya wengine kwenye redio yako, leo yangu yamenifikia na sina pa kuyapeleka. Naitwa Hilaire, nina miaka arobaini na mmoja, mkulima wa hapa Itebero, na naungama kwamba nimemwibia baba yangu.

Baba yangu, Papa Isidore, ana bunduki ya kuwinda ya mitutu miwili, iliyotengenezwa Liège, Ubelgiji, kabla ya vita vya 1914, na mzungu mmoja wa mashamba alimwachia babu mwaka wa uhuru alipokuwa anarudi kwao, ina karatasi zake zote, lakini haipigi tena kwa sababu risasi zake fupi hazipatikani na hizi za leo zingepasua mitutu, ambayo ni vyuma vilivyosokotwa vikafuliwa pamoja mpaka vikaacha mistari kama nywele za kusuka. Hata hivyo ni bunduki, Mama, na mimi ni mtoto wake wa kiume wa pekee, nimebeba nyama nyuma yake porini tangu nina miaka tisa, moyoni nilijua ni yangu.

Sasa dada yangu Laetitia alirudi kwetu na mume wake Élie, walikimbia vita kule Karuba, wakajengewa nyumba kiwanjani kwa baba. Huyo Élie hajawahi kuua hata panya. Ni mtu wa ng'ombe na madaftari. Lakini kila akitoka shambani anakaa na baba, anamuuliza alama hii ni ya nini, maua haya alichonga nani, na baba anacheka, anamweleza kwamba fundi alisugua kila kipande kwa tupa mpaka kikaingia kwa mwenzake, ndiyo maana kipande cha bunduki moja hakiingii kwenye nyingine, na kwamba namba mbili iliyo juu ya mitutu inaonyesha ilitengenezwa pamoja na bunduki pacha wake, na pacha huyo hakuna anayejua aliko, na mimi nasimama jikoni nasikiliza mambo ambayo baba hakuniambia maisha yangu yote. Wivu ulinishika. Kisha siku moja baba akatangaza mbele yetu sote: “Bunduki itabakia Élie. Hilaire alipendaka tu mulio yake. Élie iko anaipenda yenyewe.”

Jumapili iliyofuata, walipokuwa kanisani, nilitoa ule ubao mdogo unaokaa chini ya mitutu na kuishikilia, nikauficha kwenye gunia la mpunga kwangu. Nilitaka Élie arithi bunduki kilema. Sikufikiri baba angefungua sanduku la bunduki kesho yake ili aipake mafuta. Ametafuta wiki tatu. Hamshuku mtu, anajishuku mwenyewe, na juzi aliniambia: “Hilaire, kichwa yangu iko inaisha. Kama nimesahau fasi nilitia ile ubao, pengine na ile mambo yote nilielezaka Élie nilijitungia tu.” Tangu hapo, Élie akimuuliza, anajibu hajui. Nilichotaka nimekipata, na usingizi sina. Mke wangu Aurélie, ambaye peke yake anajua, anasema niurudishe sandukuni kimya kimya, aukute, yaishe. Nifanye hivyo?

Hilaire wa Itebero

MAMA OLGA ANAJIBU

Hilaire, pole. Kumsikia baba yako akimfungulia mwingine moyo kunauma, na mzee naye hakufanya vizuri kukusema hivyo mbele ya watu. Pole yangu inaishia hapo.

Miaka yote hiyo nyuma yake porini, ulimuuliza nini? Élie hakukunyang'anya kitu. Aliuliza, akajibiwa. Wewe ulisimama jikoni umenuna, mwanaume mzima, ukingoja kubembelezwa. Na usiniambie ilikuwa hasira tu: uliuchagua ule ubao kwa sababu ulishasikia kwamba duniani hakuna mwingine utakaoingia pale.

Sasa usimsikilize Aurélie. Anakupenda, lakini hapa amekosea. Mzee ameshapekua sanduku lile mara ngapi? Akiukuta humo kesho hatafurahi, ataona imeshathibitika kwamba macho na kichwa vimemwacha. Utakuwa umemrudishia ubao na kumaliza akili yake.

Nenda mchana, Élie na Laetitia wakiwepo. Mpe mkononi na useme: “Papa, ni mimi niliiba. Kichwa yako iko muzima.” Usimtaje shetani, usijifanye ulikuwa utani, wala usitangulize kuku wa kulainisha maneno. Akikutukana, nyamaza. Akikufukuza kiwanjani, ondoka, na kesho urudi. Bunduki ni ya Élie, hilo usiliguse tena.

Na usingoje Jumapili. Wiki tatu nzima baba yako amelala akiamini kwamba amekuwa mjinga. Usimwache alale hivyo leo.