Gari la Chumba Kimoja

Shinyanga, Jumapili, Novemba 1954

Mawingu yametanda upande wa Kahama tangu asubuhi, na joto limekaa kifuani kama mgeni asiyejua kuaga. Gari langu jipya liko uani. Vumbi limelifunika mpaka rangi yake ya buluu haionekani, na kuku mwekundu amelala juu ya paa. Mgongo unaniuma.

Nilirudi jana kutoka kwa wakwe zangu. Nilirudi peke yangu.

Nianzie gereji, maana ujinga wangu ulianzia pale. Fundi Hamisi alikuwa na magari mawili makuukuu ya kuuza. Moja lilikuwa pikapu lililobeba pamba miaka mingi: nyuma bodi ya mbao, mabenchi, turubai, na harufu ya magunia isiyotoka. La pili ndilo hili, lenye viti vya ngozi na honi inayolia kama bata mwenye cheo. Mimi karani wa kinu cha pamba, ambaye nywele zimeanza kunihama na tumbo limeanza kunitangulia, niliketi kwenye usukani nikajitazama katika kioo. Nikamwona mtu wa maana. Fundi alikuwa akieleza habari za matope na lile la mbao. Sikumsikiliza.

Na safari yenyewe ilikuwa ya jambo moja tu: kwenda Nkome, kule ziwani, walikohamia wakwe zangu kutafuta ardhi, nimlete mama mkwe amwone mjukuu. Mke wangu amejifungua baada ya miaka mingi ya sisi wawili kutazamana tu, na mtoto tumempa jina la bibi yake, Minza. Lakini macho ya bibi yanaingia ukungu. Shemeji yangu Masanja, anayefanya kazi mgodini Geita, alituma habari kwamba mama sasa anatambua watu kwa sauti. Uso anauona ukiwa karibu sana, tena juani. Mvua zikianza, barabara inakatika mpaka kiangazi. Baada ya hapo, nani ajuaye.

Mama Minza alitaka tuchukue lile la mbao. Aliniuliza huku akinyonyesha, "Mama atakaa wapi?" Nikamjibu atakaa juu ya ngozi kama mke wa chifu, nikamtania kwamba yeye na magunia ya pamba wana undugu. Akanyamaza. Kwa miaka niliyoishi naye, nilipaswa kujua kwamba akinyamaza hajakubali.

Gari lilikwenda vizuri, nisilisingizie. Lilizama mchangani mara moja tu, wachungaji wakalisukuma, na mmoja akaniuliza kilichochoka ni gari au ni mimi. Nililala njiani, nikampitia Masanja mgodini, tukafika Nkome dagaa wakiwa wameanikwa mchangani kila upande.

Nikapiga honi. Kijiji kizima kikatoka.

Mama mkwe hakutoka, na sikushangaa. Kwa mila yetu, mtu haonani ana kwa ana na mama mkwe wake. Miaka yote namwamkia nimeangalia kando, naye huitikia marahaba kutoka nyuma ya ukuta. Hatujala pamoja, hatujakaa chini ya paa moja. Hayo nayajua tangu nikiwa mtoto. Lakini nilipochagua gari nilikagua matairi, nikakagua injini, nikakagua na honi. Ukwe sikuukagua.

Mzigo wake ulikuwa tayari: kikapu, kibuyu cha samli, na kuku wa mzazi. Nilipokwenda kusimama nyuma ya ua wa minyaa, Masanja alimshika mama mkono akampeleka kwenye gari. Kwa upenyo wa minyaa niliuona mkono wake tu. Ulipapasa mlango, ukapapasa kiti cha mbele, ukapapasa cha nyuma. Ukatafuta ukuta katikati. Ukatafuta tena.

Masanja akasema watatundika kanga. Nami, nyuma ya minyaa, nikaapa kwamba sitageuza shingo mpaka Shinyanga, na kioo nitakivunja. Watu wakacheka. Nadhani hata mama mkwe alicheka. Kisha akasema nami, kwa mara ya kwanza kupita salamu:

"Baba Minza, gari lako ni zuri, lakini ni chumba kimoja. Nikishinda na kukesha chumba kimoja na mkwe wangu, huyo mtoto nitampakata kwa mikono ipi?"

Malori ya dagaa yanaishia Geita, Masanja alipewa ruhusa ya siku moja tu mgodini, na mama hawezi kusafiri peke yake kwa macho yale. Akawaambia waniwekee kuku na samli garini. Mwenyewe akarudi ndani, akipapasa ukuta.

Kwa hiyo aliyesafiri juu ya ngozi ni kuku. Ameichafua yote, na sijapata moyo wa kuifuta.

Nilipofika nyumbani jana, Mama Minza alikuwa ametoka nje na mtoto, amemvalisha gauni jeupe. Alichungulia kiti cha nyuma. Alifungua mlango, akamtoa kuku kwa mkono mmoja, akamwambia taratibu, "Karibu, Mama." Kisha akaingia ndani, na mimi nikabaki uani nikimsikia analia.

Kesho kukipambazuka nitakuwa mlangoni kwa Fundi Hamisi. Nitambembeleza abadilishe, achukue ngozi, kioo na bata wake, anipe lile la mbao, lenye ukuta kati ya dereva na abiria. Likiwa bado lipo. Njia ikiwa bado ipo.

Radi imelia sasa hivi, kule kule Kahama. Nje majirani wanashangilia. Mashamba yamengoja vya kutosha. Mimi, karani wa pamba, ninayekula kwa mvua, nimekaa hapa naomba isinyeshe. Wakijua, nani atanisalimu?